Chumba Kidogo Kilichogoma Kukauka

Ndugu waombolezaji, majirani, mafundi wenzake na wote mlioacha shughuli zenu kuja kutushika mkono, mimi ni mdogo wake marehemu, tumbo moja, na familia imenipa kazi ya kusoma maisha yake kwa sababu wengine wote wamesema hawawezi, nami pia siwezi, ila nimezoea kusukumwa mbele.

Dada yetu alizaliwa tarehe 9 Machi 1971, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya karakana ya baba, akasoma shule ya msingi kuanzia 1978 hadi 1984, kisha ufundi ujenzi kuanzia 1987 hadi 1989, msichana peke yake darasani, na wavulana waliomcheka siku ya kwanza ndio waliokuja kumbembeleza awasawazishie kuta zao karibu na mtihani.

Aliolewa tarehe 14 Desemba 1996 na shemeji yetu, dereva wa lori, huyu aliyeketi karibu na mlango, na tarehe 2 Februari 1998 wakapata binti, tukambandika jina la Kifundi, kwa maana alitambaa nyuma ya mama yake akigongagonga sakafu kwa kijiko. Machi 1999 Kifundi alianza kutembea, anatoka kitandani kwake katika chumba kile kidogo, anafika kizingitini, anaanguka, anacheka, anarudi kuanza upya, na tarehe 20 Aprili homa ikamchukua, hajakivuka kizingiti kile kwa miguu yake. Mtoto wa pili, wa kiume, alizaliwa tarehe 5 Julai 2001, naye ndiye aliyewapokea getini leo.

Kwa miaka mingi dada alipiga plasta na sakafu za kawaida, hadi mwaka 2012 alipojifunza maikrosimenti, ile saruji nyembamba inayopakwa juu ya sakafu ya zamani au vigae bila kuvunja kitu, na hapo ndipo jina lake lilipopaa, wengi wenu mnakanyaga kazi yake kila mkitoka kitandani. Alikuwa mkali, ufa unazibwa kwanza, wavu wa kuzuia nyufa unatangulia, koti, yaani tabaka za saruji, ziwe nyembamba, msasa upite kila koti ikikauka, vanishi ije mwisho kabisa, na mteja aliyemharakisha aliambiwa akanunue zulia. Lakini kabla ya yote alibandika kipande cha nailoni sakafuni, akakiziba kwa utepe pande zote, akakiacha hadi kesho yake, na akikuta matone ya unyevu upande wa chini alikusanya miko yake akisema sakafu hii bado inapumua, mniite ikinyamaza.

Mwaka 2013 alipaka nyumba yake mwenyewe, sebule, jiko, bafu na ile korido ndefu, kikabaki chumba kile kidogo cha Kifundi. Alibandika nailoni, asubuhi akatuita mimi na shemeji, tukaona matone yamejikusanya kwa umbo la nyayo mbili ndogo, vidole vyote vinaonekana, zimeelekea mlangoni. Fundi bomba alikuja akasema hakuna bomba linalopita pale, fundi paa naye hakuona kitu, na ilikuwa kiangazi. Shemeji alimsihi apake tu, akisema anataka naye siku moja apite koridoni bila moyo kumruka, lakini dada alijibu kwamba hawezi kumfungia mtoto chini. Kila kiangazi alibandika nailoni mpya, na kila kiangazi nyayo zilikuwepo, hazikui. Mimi ni mtu wa kuuliza maswali, lakini kwa hilo sikuuliza, niliogopa, nasema wazi.

Mwishoni mwa 2022 alianza kukohoa, ni vumbi la msasa, maana barakoa aliwavalisha mafundi wake kwa lazima na yeye akasema akiivaa atawagombeza vipi. Alilazwa tarehe 11 Oktoba 2024, na akiwa angali na sauti alimtaka shemeji aahidi kwamba chumba kile hakitapakwa mpaka kikauke chenyewe, shemeji akaahidi, akilia. Alituacha tarehe 3 Novemba, saa nne asubuhi. Shemeji aliporudi nyumbani alikwenda moja kwa moja chumba kidogo, akabandua nailoni ya mwisho aliyoiacha dada, akaipapasa huku na huku, na ilikuwa kavu.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi waliompigania, majirani waliotupikia, na mafundi wenzake waliojitolea kukipaka chumba hicho baada ya maziko, kazi ambayo shemeji ameikubali kwa kuitikia kwa kichwa tu. Tunawashukuru pia akina mama mliofanya usafi asubuhi hii, mkauliza nani kapita koridoni na miguu iliyolowa, mkafuta, mkafuta tena. Msijichoshe, mama zangu, alama zile haziko juu ya vanishi, ziko chini yake, na vanishi ya dada haijawahi kupitisha tone. Ni nyayo za mtu mzima na za mtoto, bega kwa bega, zinaanzia kizingitini pa chumba kidogo zinaishia mlango mkubwa, na za kurudi hakuna. Mtakapolibeba jeneza, naomba mpite kando ya ukuta.

Dada, umemvusha. Pumzikeni kwa amani, wewe na Kifundi.