Mzee Himid bin Mahrous, Aliyekataa Kahawa ya Nduguye

Bismillahi. Waliopata mkeka wakae, waliokosa waegemee ukuta. Leo siku ya tatu ya matanga, na wengi mliomo kwenye sabla hii, ukumbi wetu wa kijiji, mmemjua Mzee Himid kwa masihara tu. Basi mjueni sasa, keshazikwa, hatomkera mtu tena.

Alizaliwa Bumbwini, Unguja, mwezi wa Juni 1937. Baba yake, Mahrous bin Khattab, alikuwa mtu wa hapa hapa Hail al Sidr, nje ya Ibra. Alikwenda Afrika kutafuta maisha kama walivyokwenda babu zenu, msijifanye. Huko kaoa mtu wa Bumbwini, kampata Himid. Halafu karudi Omani, kaoa tena, kampata Humoud. Kwa hivyo Humoud ni ndugu yake wa baba mmoja, mdogo kwake kwa miaka mingi.

Chuoni aliingia kabla ya skuli. Msahafu aliuhitimu bado hajaota ndevu, na skuli alifika darasa la saba. Alipokuja huku mwaka 1974, watu wa hapa wakamcheka anavyosoma. "Zinjibari huyo, anasoma kama anaimba." Waliosema hivyo Msahafu wao wanaufuta vumbi Ramadhani kwa Ramadhani.

Mwaka 1966, mjini Dar es Salaam, alimuoa Bi Turkiya binti Azzan, mtoto wa Tabora. Wakajaaliwa Azzan, Ghada na Bader. Bi Turkiya alikuwa na ulimi, na yeye alikuwa na subira, ndiyo maana nyumba ilisimama.

Kazi yake Unguja na Dar ilikuwa useremala. Huku baba yake alimwachia mitende na zamu ya maji ya falaji. Kwa vijana wa Maskati wasiojua kitu: falaji ni mfereji wa wazee, unatoa maji chini ya mlima unayaleta mashambani, na kila mtu ana zamu yake. Seremala wa watu hajapata kupanda mtende. Kajifunza mtu mzima, kamba kiunoni, na hapo chini wanaume wazima wamekaa wanangoja aanguke wacheke. Hakuanguka. Wakaondoka wamenuna.

Dini aliishika mpaka akichosha watu. Siku moja mbuzi wa jirani yake, Bibi Shukriya, kaingia shambani kula majani. Mzee Himid kamfukuza, "Mwizi wee!" Jioni kaenda kupiga hodi kwa Bibi Shukriya.

"Nimekuja kuomba radhi."

"Radhi ya nini tena, Himid?"

"Mbuzi wako nimemwita mwizi. Mnyama hana wizi. Nimemsingizia."

Bibi Shukriya kamtazama weee. "Haya, mbuzi kakusamehe. Sasa nisamehe na mie, maana kamba nilimfungua mwenyewe."

Sasa tuje kwenye pampu, mlidhani haitatajwa.

Mwaka 1996 Humoud alichimba kisima kule juu, karibu na chemchemi inayolisha falaji, pahala ambapo wazee walikataza mtu kutia hata sururu. Katia pampu. Shamba lake likawa kijani, watu wakaona, nao wakachimba. Maji ya falaji yakaanza kushuka. Mtu mwenye dhamana ya falaji alijua. Alinyamaza, kwa sababu na yeye kavutiwa bomba mpaka kwake. Kila mtu alijua, na kila mtu alikuwa anasema ni ukame, ni mvua, ni kudra ya Mungu. Mungu mnamsingizia hivi hivi, hata radhi hamuombi.

Sikukuu ya Mfunguo Mosi, Januari 1998, Mzee Himid alikwenda kwa nduguye kumpa mkono wa idi. Nyumba imejaa wageni. Kaletewa kahawa, kaipokea, kakiweka kikombe chini. Na hapa hakuna asiyejua maana yake: mgeni akikiweka kikombe chini bila ya kunywa, ana haja, na mwenye nyumba lazima amuulize na amtimizie. Hata mchunga punda anaijua hiyo.

"Kunywa, kaka," Humoud kasema.

"Sinywi mpaka uizime pampu."

"Yakhi, hayo mambo ya mabedui. Kunywa, inapoa."

"Maji ya kahawa hii umeyatoa wapi, Humoud?"

"Kisimani kwangu."

"Basi ni ya falaji, ni ya watu. Mimi maji ya watu siyanywi wala siyatawadhii."

Humoud kakiokota kile kikombe, kakimwaga mchangani mbele ya wageni wote. "Haya. Sasa hayana mwenyewe."

Watu wakacheka. Waliocheka wamo humu ndani, wengine wamefunga vilemba vipya kwa ajili ya kumlilia.

Tokea siku hiyo hakunywa kahawa kwenye nyumba yoyote yenye maji ya pampu, na mwisho nyumba zote zilikuwa na maji ya pampu. Msikiti ulipounganishiwa bomba la Humoud, akawa anakuja na galoni lake la maji kutoka mjini, anatawadhia nje. Mkampa jina, Bwana Galoni. Imamu mwenyewe alikuwa akimwita hivyo.

Mitende ikaanza kufa vichwa. Mwanawe Azzan alimpigia simu kutoka Maskati, "Baba, chimba na wewe." Hakutaka. Bi Turkiya kamjia juu:

"Himid wee, kila mtu kachimba! Ama unataka uingie peponi peke yako, sisi tukupungie mkono barazani?"

"Nikichimba, Turkiya, nitakuwa na uso gani wa kumwambia Humoud aizime?"

Hakuwa na haja nyingine. Hakutaka shamba la nduguye, hakutaka kuombwa msamaha, wala hakwenda kushitaki. Alitaka pampu izimwe, na aizime Humoud kwa mkono wake.

Mwaka 2001 falaji ilikauka. Siku ya zamu yake Mzee Himid aliendelea kwenda. Alikuwa akisimama na jembe kwenye mfereji mkavu mpaka zamu iishe, kwa sababu zamu kwake ilikuwa amana. Mkipita na magari yenu mkimpigia honi.

Sukari ilimshika mwaka 2003, ikaanzia miguuni. Februari 2006 kalazwa hospitali Ibra. Humoud alikuja mara moja, kashika chupa ya maji.

"Ya dukani haya, kaka. Wallahi, ya dukani."

"Basi lete."

Kanywa. Ilikuwa mara ya kwanza kupokea kitu mkononi mwa nduguye tokea ile idi. Halafu kamuuliza, "Umeizima?"

Humoud kaanza kulia. "Nitaizima, kaka. Naapa nitaizima."

"Ukiizima nitakuja kwako kunywa kahawa." Bi Turkiya na Ghada walikuwepo, wameyasikia kwa masikio yao.

Hakutoka tena. Alifariki alfajiri ya Jumanne, tarehe 14 Machi 2006, kazikwa adhuhuri ya siku hiyo hiyo. Mlikuja wengi. Tokea ashushwe kaburini kila mtu anasema alikuwa walii. Alipokuwa hai alikuwa Bwana Galoni.

Amemwacha mjane wake, Bi Turkiya. Amewaacha wanawe: Azzan wa Maskati, Ghada aliyeolewa Nizwa, na Bader, anayesoma karatasi hii. Amewaacha wajukuu, na nduguye Humoud, aliyekaa pale mbele na kitambaa usoni. Na ameiacha pampu. Nyamazeni kidogo. Mnaisikia.

Mola amrehemu Mzee Himid, amuweke penye kivuli, amnyweshe maji ya halali yake.

Ami Humoud, viatu vyako viko mlangoni. Nenda kaizime.