Gari la Lyle Limeanza Kupiga Mabomu

Benchi letu liko nje ya duka la donati la mama Chanthy, hapa Oildale, mji wa visima vya mafuta, upande wa kivuli, na Jumamosi yoyote asubuhi ukipita utatukuta watatu. Wa kwanza ni Orville, tunamwita Profesa kwa sababu aliwahi kusoma nusu ya kitabu cha injini, na nusu iliyobaki anaitunga mwenyewe mwaka wa arobaini sasa. Wa pili ni Delbert, jina lake la hapa Masikio, aliyekimbiza magari ya mashindano ujana wake wote bila kuziba masikio, na sasa ukimwuliza habari za asubuhi anakutajia saa. Wa tatu ni mimi, Spana, na sababu ya jina hilo inakuja. Wa nne alikuwa Lyle. Nafasi yake ile pale mwisho wa benchi, hatuikalii, alifariki Februari. Ametuachia gari la kulitazama tu, ambalo mjane wake hulileta hapa kila Jumamosi: jekundu, la mwaka 1932, halina paa, na boneti aliitupa mwenyewe kwa sababu aliona ni dhambi kuificha injini ya silinda nane. Kwa hiyo kabureta, distribyuta, mabomba ya ekzosi, vyote viko nje, na mtu yeyote akinyoosha mkono anafika. Hilo la mkono kufika likumbuke.

Leo saa mbili na nusu Nadine, mjane wa Lyle, alikuja nalo kwa njia za uchochoroni, nywele zimejaa vibanio. Alipoachia mafuta ili aegeshe, ekzosi ikapiga bomu moja ambalo lilinimwagia kahawa mapajani. Ndani ya duka tulisikia sinia linaanguka.

– Mmesikia wenyewe, akasema. Saa tano ninampeleka Rosalie kanisani na gari hili. Baba yake alimwahidi tangu ana miaka sita. Na yule polisi aliyekuja Jumamosi iliyopita, watu walipopiga simu wakidhani ni bunduki, aliniambia likilia tena barabarani analivuta, hata kama bibi harusi yumo ndani.

– Pole, shemeji, tukasema.

– Sitaki pole. Miaka thelathini mnakaa hapa mnajiita mafundi. Basi leo fanyeni ufundi. Mkishindwa, mwanangu anakwenda kanisani na kile kigari cha umeme cha mwanamume wake.

Akaingia dukani, mama Chanthy amsaidie kumalizia nywele na kuvaa. Sisi tukabaki tunatazamana kama watu walioitwa ofisi ya mkuu wa shule.

Sasa niseme langu mapema, nisije nikaonekana mnafiki. Mfukoni mwangu kulikuwa na kichwa cha bolti. Wiki tatu nyuma nilikuwa nimekaa hapa peke yangu, Nadine yuko dukani na gari ameliacha linanguruma, nikadhani nasikia kasauti kanapumua pale bomba la ekzosi linaposhikana na injini, upande wa kushoto. Nikatoa spana, ile ninayotembea nayo siku zote na iliyonipa jina, nikakaza kidogo. Nikakaza tena. Bolti ikasema tik, kichwa kikabaki mkononi. Nikakitia mfukoni nikamalizia kahawa. Tangu siku hiyo gari linapiga mabomu, na tangu siku hiyo kila wakilitaja gari mimi nageuzia mazungumzo kwenye hali ya hewa.

– Haya, nikasema, tuanze. Profesa, unasemaje?

– Gari linalia ukiachia mafuta, si ukikanyaga. Hiyo ni dalili ya kitaalamu.

– Dalili ya nini?

– Nimesema ni ya kitaalamu. Usinikimbize.

Masikio alikuwa amefumba macho kama daktari anayepima kifua, na injini ilikuwa imezimwa zamani.

– Silinda ya nne, akasema. Naisikia.

– Gari limezimwa, mzee.

– Hata likizimwa. Tatizo ni petroli. Siku hizi wanaichanganya na pombe ya mahindi. Gari limelewa, likishuka mlima linacheua.

– Basi magari yote ya mji huu yangekuwa yanacheua, nikamwambia. Nadhani tuangalie distribyuta, hiyo inayogawa moto kwa plagi. Labda moto unachelewa, mafuta yanafika kwenye ekzosi hayajaungua.

Masikio akafumbua macho haraka. Hilo alilisikia vizuri kabisa.

– Distribyuta iko salama, akasema. Kwa nini uisingizie distribyuta? Mwulize Profesa habari za kabureta.

– Kabureta ina nini? Profesa akadakia. Kabureta ya Lyle haina shida hata chembe. Kama ni hewa, hewa inaingilia nyuma. Tuangalie zile bolti za ekzosi.

– Bolti ziko sawa, nikasema.

– Umejuaje, nawe hujainuka?

– Naziona hapa nilipo.

– Bila miwani?

Nikaona hapa panaanza kuwa pabaya. Na nikaona jambo jingine pia, ila sikutaka kulifikiria: kwamba kila mmoja wetu alikuwa na kipande chake cha injini anachokitetea kama mtoto wake.

– Jamani, nikasema, tusizunguke injini bure. Tatizo ni visima vya mafuta. Mji mzima huu chini ni matundu, pampu zinavuta usiku na mchana. Zikivuta pamoja, ardhi inanyonya ule moto wa plagi.

Nilitegemea wanicheke. Profesa akakubali kwa kichwa, polepole.

– Ya kwako inakaribia, akasema, lakini umeangalia chini na jibu liko juu. Kule Tulare kuna ng'ombe wangapi? Usinijibu. Ng'ombe anatoa hewa inayowaka, hiyo ni sayansi. Upepo ukitoka kaskazini hewa ile inateremka mpaka hapa. Kabureta inaivuta. Inapita kwenye injini bila kujulikana, inafika kwenye ekzosi yenye moto, pu.

– Ng'ombe wa Tulare walikuwepo Lyle akiwa hai, nikamwambia.

– Walikuwa wachache.

Masikio akaweka kikombe chini.

– Mmeshamaliza utoto? Mimi nawaambia ukweli. Ni Lyle.

Tukaitazama nafasi ya mwisho wa benchi.

– Lyle gani?

– Lyle wangapi mnawajua? Lyle hataki. Binti yake anaolewa na kijana anayetengeneza magari ya umeme. Gari unalitengeneza kwa kompyuta, halina ekzosi, halina kabureta, unalichaji kama simu. Lyle analijua hilo huko aliko. Kila gari likikaribia kanisa anapiga bomu.

– Hapa si karibu na kanisa.

– Anafanya mazoezi.

– Hilo nalikubali, akasema Profesa. Mtu anayekwenda kazini bila kuchafuka vidole, mimi singempa hata paka wangu. Ukoo wake wote nadhani ni wa kushika kompyuta.

– Ukoo wake wote hauna mtu mmoja anayejua kushika spana, nikaongeza, maana nilikuwa na furaha kwamba tumeondoka kwenye ekzosi.

– Habari zenu, wazee.

Tukageuka. Mwanamke wa makamo, gauni la buluu la kwendea harusini, miguuni viatu vya kazi vya ngozi, mikono ya mtu anayefanya kazi. Nyuma yake pikapu imejaa mabomba na spana za kila saizi.

– Mimi Yolanda, akasema. Shangazi wa bwana harusi. Natengeneza pampu za maji kwenye mashamba ya lozi huko Delano. Nimekuja kuchukua donati za harusi, nikasikia ukoo wangu unatajwa.

Profesa akaanza kukohoa. Masikio, kwa bahati yake, alirudi kuwa kiziwi.

– Karibu ukae, nikasema, nikasogea, lakini si upande wa nafasi ya Lyle.

Hakukaa. Alikwenda kulizunguka gari, mikono nyuma, haligusi. Nadine akatoka dukani na kikombe mkononi, wakasalimiana kwa kukumbatiana, kisha Yolanda akamwuliza lilianza lini kulia.

– Wiki tatu. Lyle alipokuwepo halikulia hata siku moja.

– Na kabla halijaanza kulia, Yolanda akatugeukia sisi watatu, nani alilishika mwisho?

Swali lenyewe ndilo hilo. Fundi yeyote wa mtaani analiuliza kabla hajafungua kisanduku chake. Sisi tulikuwa tumekaa pale tangu asubuhi, tumefika mpaka Tulare kwa ng'ombe, tumefika mpaka kwa marehemu, na hakuna aliyelikaribia. Masikio alikagua kucha zake. Profesa alisoma maandishi ya kikombe, ambayo ni neno moja tu, kahawa. Nikasikia kile kichwa cha bolti kinanichoma paja.

– Njooni muone, akasema Yolanda. Aliinama kwenye distribyuta. Huyu marehemu alikuwa mtu makini. Alipiga mstari wa rangi nyeupe, nusu kwenye distribyuta, nusu kwenye injini, ili ajue haijasogezwa. Nusu hizi mbili sasa hazionani.

Nadine akamtazama Masikio.

– Niligeuza kidogo, akasema Masikio. Nilisikia injini inagonga.

– Wewe unasikia nini, Delbert? akauliza Nadine.

– Nilidhani nimesikia.

– Na mimi, akasema Profesa, akasimama kabisa kama yuko mahakamani, nilifunga zile skrubu za kabureta, zinazopimia mafuta. Lilikuwa linanuka petroli. Robo mzunguko.

– Robo tu? akauliza Yolanda.

– Robo kila Jumamosi.

– Jumamosi ngapi?

– Tatu.

Nilitoa kile kichwa cha bolti nikakiweka juu ya benchi, kikalia kama shilingi. Yolanda akakichukua, akaenda moja kwa moja upande wa kushoto, akapitisha kidole.

– Basi, akasema. Moto unachelewa, mafuta ni kidogo hayaungui vizuri, yakifika kwenye ekzosi yanakutana na hewa inayoingilia hapa kwenye bolti. Mmoja wenu peke yake asingeweza. Mmeshirikiana.

Nilingoja Nadine atufokee. Ningependa atufokee. Akatukagua mmoja mmoja, vibanio kichwani.

– Lyle aliniambia, akasema mwishowe. Hospitalini. Alisema akifa, nyinyi mtalishika. Nikadhani ni dawa zinamsemesha. Kwa nini, nyinyi? Alikuwa anawapiga vidole kwa bisibisi miaka yote hiyo mkiligusa. Mlikuwa hamjakoma?

Profesa na Masikio walinitazama mimi, sijui kwa nini mimi.

– Ndiyo sababu yenyewe, shemeji, nikasema. Nilipoinama pale nilikuwa nangoja anipige vidole. Nikakaza, hakunipiga. Nikakaza tena.

Masikio, ambaye sidhani alisikia, alikuwa analia.

Yolanda hakutupa nafasi ya kuendelea na msiba. Alileta koleo la kubana kutoka kwenye pikapu, akatandika gunia juu ya gauni lake, akatuambia mikono mifukoni, mdomo kimya, anayetaka kusaidia amshikie tochi na asitoe ushauri. Kisiki cha bolti kilikuwa kimechomoza kidogo, akakitia mafuta, akakitoa polepole kama anayetoa mwiba kwa mtoto. Akafunga bolti mpya. Skrubu za kabureta akazirudisha, injini ikiwa inanguruma, mpaka mngurumo ukakaa sawa. Distribyuta akaizungusha hadi mstari mweupe ukawa mmoja tena. Profesa alifungua mdomo mara mbili na mara zote mbili akaufunga, jambo ambalo mimi sijapata kuliona.

Ilipofika saa nne na nusu Nadine alitoka dukani nywele zimekaa vizuri, amevaa nguo ya kwendea harusini. Akakaa kwenye usukani. Kisha akashuka tena, akafungua kisanduku cha pembeni, akatoa bisibisi ya Lyle, ile yenye mpini mwekundu, akaja mpaka benchini.

– Vidole, akasema.

Tukanyoosha mikono, watu wazima watatu. Akatupiga mmoja baada ya mwingine, na hakupiga kwa mchezo. Iliuma vizuri sana.

Akaondoka. Ili afike nyumbani kumchukua Rosalie ni lazima ashike kona ya pale kwenye reli, na pale kuna alama ya kusimama, lazima aachie mafuta. Hapo ndipo lilipokuwa linalia siku zote. Tukasimama watatu tukikodoa macho. Profesa alikuwa na kikombe mdomoni, hanywi. Gari likapunguza mwendo. Taa ya nyuma ikawaka. Nikasikia injini inashuka taratibu, inanguruma chini kwa chini, ileile sauti tuliyokuwa tunaisikia kabla Lyle hajageuza kona kuja kukaa nasi. Gari likasimama, likaondoka, likapotea nyuma ya maghala.

– Limelia? akauliza Masikio.

Nikamgeukia. Profesa alikuwa ameegemea ukuta, ametugeuzia mgongo.

– Jamani semeni. Mimi sauti ya injini siisikii tangu mwaka juzi, sikutaka mjue. Limelia?

Nikafuta macho kwanza kwa mkono wa shati. Masikio akanishika mkono, akauliza mara ya tatu, nami nikamtikisia kichwa: halikulia.