Nahodha Alipita Saa Moja

Benchi letu liko pale njia tatu zinapokutana, kwenye ukuta wa duka lililofungwa siku nyingi. Ni ubao mrefu ambao mguu wake mmoja niliutengemaza mwenyewe kwa soli za viatu vilivyokosa mwenyewe. Mimi ni fundi viatu. Shule niliishia darasa la saba, kwa hiyo nikikosea kuandika mnivumilie. Nikikosea kusema kweli, Mungu ananiona. Kuna Wakili, ambaye mahakamani alikwenda mara moja tu, tena kama shahidi. Kuna Redio, ambaye hazimiki. Kuna Birika, anayetuuzia kahawa. Na pale mwisho, karibu na ukuta, ni nafasi ya Nahodha, mzee aliyechezea timu ya taifa ya mpira wa magongo miaka kumi na minne, mwenye kovu juu ya jicho la kushoto, na gongo lake la zamani ndiyo bakora yake. Siku hiyo saa nne asubuhi ilikuwa imeshapita na nafasi yake ilikuwa tupu. Birika alikuwa amekifunika kikombe chake. Mimi kahawa yangu niliiacha ikapoa, na sababu nilikuwa naijua.

Redio: Nahodha leo katususa.

Wakili: Hajasusa. Mwenye mali hasusi, ana shughuli.

Birika: Mali gani, Wakili? Shati lile lile tangu mvua zilizopita.

Wakili: Ndiyo ujanja wenyewe huo! Juzi si alisimama hapa akapapasa mifuko, akauliza, "Gari langu nimeliegesha wapi?" Mwenye gari moja anauliza hivyo? Anayo mengi mpaka yanamchanganya.

Redio: Magari si kitu. Niulizeni watoto. Jumatatu kasema anao watatu. Alhamisi, watano. Jumamosi kanigeukia mimi, "Mdogo wangu, wanangu umewaona?" Nyumba mbili hizo, kama si tatu.

Birika: Na yule binti anayekuja kumchukua jioni, anamshika mkono?

Redio: Binti? Birika, moshi umekuingia machoni. Yule ndiye mke mdogo!

Tukacheka. Nami nilicheka, kwa mazoea, huku jicho langu likienda kwenye kikombe kilichofunikwa.

Wakili: Na kahawa je? Analipa, anakunywa, analipa tena. Birika, kanusha.

Birika akainamia jiko lake. "Nilidhani ananitunza," akasema.

Hapa nikiri. Kikombe kile cha malipo ya pili tulikuwa tunakinywa sisi, zamu kwa zamu, na zamu yangu sikuwahi kuiruka.

Redio: Sasa sikieni hili, lakini lisitoke hapa. Lile kovu. Mara kasema alipigwa na mpira kwenye fainali. Mara kaangukia nguzo ya goli. Mara ananiuliza mimi, "Kovu gani?" Mtu asahau kilichompasua uso? Ile fainali iliuzwa, jamani! Alilipwa dhahabu.

Birika: Dhahabu iko wapi?

Redio: Ndani ya gongo. Limechongwa likatiwa dhahabu. Mbona halitui? Hata msalani anakwenda nalo.

Wakili: Lo! Ndiyo maana alikataa nilipotaka kulishika. Basi kesho yupo ng'ambo huyo, kwenye jumba lake, anatucheka.

"Leo pia alikuwa nalo," nikasema.

Sikukusudia kusema. Maneno yalitoka yenyewe, na wote wakanigeukia.

Wakili: Umemwona leo?

Mimi: Saa moja. Ndiyo kwanza nilikuwa napanga misumari yangu.

Redio: Na umekaa kimya muda wote huu?

Mimi: Mguu mmoja kavaa kiatu cheusi, mguu wa pili ndara.

Fundi viatu mzima, badala ya kuuliza, nilikuwa nimecheka.

Birika: Alisema nini?

Mimi: Aliuliza, "Mdogo wangu, basi la timu limeshapita?" Nikajua ananitania. Nikamjibu, "Limepita sasa hivi, Nahodha. Kimbia, utalikuta mbele."

Wakili: Masihara tu hayo.

Mimi: Akakimbia, Wakili.

Redio akaweka kikombe chake chini.

Mimi: Alianza mbio ameinama, gongo kalishika kwa mikono miwili, kama yuko uwanjani. Nikadhani atazunguka nyumba arudi tucheke wote.

Tulikuwa bado tunatazamana alipofika yule binti wa jioni. Alikuja mbio, aproni ya jikoni bado kiunoni, na mkononi kashika kiatu cheusi kimoja. Nilikitambua. Kisigino chake nilikigonga mimi.

"Shikamooni, wazee."

"Marahaba, shemeji," akajibu Redio.

Akamtazama kama hakuelewa. "Mimi mwanawe, mzee. Yeye ni baba yangu."

Redio akameza mate. "Na... wenzako? Ndugu zako?"

"Niko peke yangu. Mama alifariki nikiwa darasa la pili, na gari tuliuza mwaka ule ule."

Akainua kile kikombe kilichofunikwa, akakiona kikavu, akakirudisha polepole.

"Hajafika leo? Asubuhi nilikuwa nageuza chapati tu, kugeuka mlango uko wazi, nikadhani amewahi kuja hapa, mpaka sasa hivi nilipokiona kiatu hiki. Daktari anasema ni ile mipira iliyompiga kichwani enzi zake. Ni mwaka wa pili sasa anasahau. Sikuwaambia kwa sababu mlikuwa mnacheka naye vizuri. Nilikuwa najisemea, maadamu yuko benchini, yuko salama."

Wakili alivua kofia yake, akaivaa, akaivua tena. Mwaka wa pili. Magari, nyumba tatu, dhahabu ya ndani ya gongo: vyote hivyo tulivijenga sisi, juu ya mzee aliyekuwa anatuuliza kila siku alipo.

Nikasimama. Nikamwambia yote, basi la timu, kicheko changu, neno lile la "kimbia". Nilingoja anitukane. Ningeona nafuu.

Hakunitukana. Alikiweka kile kiatu kwenye nafasi ya baba yake, akafuta mikono kwenye aproni, akatazama njia zote tatu. Moja inakwenda sokoni. Moja inakwenda relini. Moja inateremka mtoni, na mto ulikuwa umejaa.

"Sawa, baba," akaniambia. "Alikimbilia ipi?"

Redio na Wakili wakanitazama. Birika akasimama na birika lake mkononi.

Nahodha alipoinama tu kuanza mbio, kicheko kilinizidi, na nikicheka hufumba macho. Nilipoyafumbua, macho yalirudi kwenye misumari niliyokuwa napanga. Mkono niliunyoosha kumwonyesha njia, hilo nakumbuka. Basi nikaunyoosha tena mbele ya binti yule, nikimwomba Mungu ukumbuke wenyewe, na ukabaki pale hewani, hauelekei kokote.