Mzee Kibao na Adabu za Ukweni

Tarehe thelathini mwezi huu, baada ya miaka thelathini na mmoja ya kuongoza wageni katika hifadhi yetu ya msitu, Mzee Kibao atavua buti za kazi na kustaafu. Buti zenyewe tunamwomba aondoke nazo. Chumba cha waongozaji kimezivumilia vya kutosha.

Jina la Kibao hakupewa na wazazi wake. Alilipata hapa kazini, kwa kuwa mtu huyu akiona ubao na kopo la rangi hawezi kupita. Alianza na kibao cha kuelekeza chooni, na hadi leo wapo wageni wanaokifuata wakajikuta mtoni. Kikafuata cha kuelekeza mtoni, kisha kingine cha kueleza kwamba kile cha kwanza kilikosewa. Mwishowe msitu ukawa na vibao kibao, nasi wa ofisini tukawa tunasema huyu ndiye mwongozaji pekee anayempa kila mgeni kibao bila kuinua mkono.

Kuhusu usafi wake binafsi tuseme ukweli, maana anastaafu tu, hajafa. Mtu aliyewasihi wageni wote hao wasiache taka msituni ameacha vikombe vya chai kila mahali: dirishani kwangu ninapokatia tiketi, juu ya redio ya mawasiliano, na kimoja kilikutwa ndani ya kofia ya meneja. Akiulizwa, hujibu kwamba mtu akiwa kwake hana habari.

Kwa moyo huohuo alipaka kibao cha langoni, kile kilichompa sifa kwanza na aibu baadaye: KARIBU. JISIKIE UPO NYUMBANI. Alikisifia wiki nzima. Na wageni, Mungu awabariki, wakatii. Walifua soksi kwenye bwawa lililo chini ya maporomoko, wakaanika taulo ukingoni, wakafungulia muziki, wakalala, wakaamka na kuacha maganda palepale. Wengi hawakuwa watu wabaya. Baadhi walinieleza dirishani jinsi wanavyoyapenda mazingira, na nawaamini, kwa sababu jioni walirudi wamekumbatia maua waliyoyapenda mpaka wakayang'oa. Wengine walisema wameshalipa, na hela hizo nilizipokea mimi mwenyewe.

Sasa, kwenye udongo wa ukingo ule huishi mdiria, ndege wa buluu anayechimba tundu lake la kutagia hapo juu ya maji. Taulo na makalio viliporomosha ukingo, na mdiria akahama. Msimu wa kwanza tukasema ni bahati mbaya. Msimu wa pili meneja akaita kikao, akasema kwa uchungu kwamba ndege asiporudi msimu unaofuata, njia ya bwawani itafungwa. Hatukumbishia, kwa sababu alikuwa na haki. Lakini bwawa ndilo linaloleta wageni, na bila wageni waongozaji wangerudishwa makwao, Mzee Kibao akiwa wa kwanza, kwani njia ile ndiyo kazi yake tangu ujana. Alitoka kikaoni bila kumaliza chai, na hilo lilitutisha kuliko kikao chenyewe.

Wiki hiyohiyo alitakiwa kwenda ukweni kwa shughuli ya familia. Yaliyotokea huko tuliyapata kwa mkewe, ambaye huwa hafichi kitu. Mzee mzima alikalia ncha ya kiti. Aliongea kwa sauti ya chini, alikataa kipande cha mwisho cha nyama huku tumbo likimlilia, na kikombe chake alikiosha kabla hakijapoa. Mkewe akasema mbele ya dada zake kwamba laiti bwana huyu angekuwa hivi nyumbani, angekubali kuolewa naye mara ya pili. Nyumba nzima ikaangua kicheko. Yeye hakucheka. Alisimama na kikombe mkononi, ameduwaa, kama mtu aliyekumbuka alikoacha funguo.

Aliporudi hakusalimia mtu. Alikwenda moja kwa moja langoni, akafuta neno moja tu kwenye kibao chake, akapaka jingine: KARIBU. JISIKIE UPO UKWENI. Meneja alikisoma, akacheka mpaka akakaa chini, akakiruhusu kikae msimu mmoja.

Wageni nao walicheka, kisha wakashusha sauti. Hapakuwa na haja ya kumfundisha mtu. Ukweni huchumi ua bila kuuliza, hufui soksi kwenye maji ya watu, na ukila ndizi unaondoka na ganda mfukoni. Wakaanza kuonyana wenyewe: “Wee, mama mkwe anakuona!” Bwana mmoja alikuja na mama mkwe wa kweli, akabeba taka za kundi zima hadi langoni, na yule mama alitabasamu njia nzima. Wageni wa kutoka mbali walihitaji maelezo kidogo, na mmoja wao aliniuliza kwa heshima mama mkwe hula saa ngapi, asije akamkuta mezani. Kuna na yule aliyefoka kwamba yeye ukweni alishafukuzwa, akatupa chupa kichakani. Mzee Kibao alimjibu kwa upole, “Basi kaa kama anayeomba kurudishiwa mke.” Chupa iliokotwa.

Wapo ambao hawakubadilika, na yeye hakuwahi kudai kwamba rangi inageuza moyo wa mtu. Husema tu kwamba kila mgeni anakuja na tabia mbili, ya kwake na ya kwa watu, na kazi ya mwenyeji ni kumsaidia kuchagua ipi aitoe mkobani.

Katikati ya msimu ule tundu jipya lilionekana ukingoni. Aliyeliona ni yeye. Aliingia ofisini akilia waziwazi, akaweka kikombe cha chai juu ya mafaili ya meneja, na meneja akamsogezea kiti. Njia iko wazi mpaka leo.

Juzi asubuhi nilikikuta kikombe chake kimeoshwa na kufunikwa rafuni. Nikauliza nani amekiosha, nikaambiwa ni mwenyewe. Baada ya miaka yote ya kumsuta ningepaswa kushangilia. Badala yake nilikitoa rafuni nikakirudisha dirishani kwangu, kwa kuwa nilielewa kwamba mzee wetu ameanza kukaa nasi kama mtu aliye ukweni.

Hilo, Mzee Kibao, hatulikubali. Ahsante kwa njia, kwa mdiria, na kwa vibao vyote, hata kile cha chooni. Nenda kapumzike, uwe na afya na siku nyingi njema, na mama watoto asikuchoke mapema. Siku utakayokuja kututembelea utakuta kibao kidogo mlangoni mwa ofisi. Tumekipaka wenyewe, na herufi zimepinda. Kimeandikwa: KIBAO, WEWE JISIKIE UPO NYUMBANI. KIKOMBE ACHA POPOTE.