Padre Sila Matonya (1957–2025), Aliyekataa Kuomba Radhi

Padre Sila Matonya alizaliwa Kikuyu, Dodoma, tarehe 14 Machi 1957, wa kwanza kati ya watoto wanne wa marehemu Mzee Stanley na Mama Anyesi. Alisoma shule ya msingi papa hapa, kisha seminari.

Hakuoa. Tarehe 10 Julai 1986 alipewa daraja la upadre. Mwaka 1994 alipelekwa kusoma Manila, Ufilipino. Huko alionyeshwa mahali ambapo Wahispania waliwanyonga mapadre watatu wazalendo mwaka 1872, kwa tuhuma za uchochezi. Alirudi na picha ya aliyekuwa mdogo kuliko wote, Padre Burgos, akaitundika ofisini. Waumini walidhani ni mfadhili.

Alikuwa paroko upande wa Makutupora kwa miaka ishirini na miwili. Mwaka 2019 mwenyekiti wa kijiji alimletea muhtasari wa mkutano wenye sahihi za wanakijiji, kwamba wananchi wamekubali kumwachia mwekezaji mashamba yao alime zabibu. Parokia, kama jirani wa mpakani, ilitakiwa kutia sahihi.

“Baba Paroko, weka tu sahihi. Wenzako wote wameshaweka.”

“Mzee Mazengo nilimzika mwaka juzi. Aliamka lini?”

“Hayo ni makosa ya mwandishi, Baba.”

Padre alifungua daftari la mazishi, akakuta wenzake Mazengo wanane. Jumapili aliwaombea wote tisa kwa majina, “waliosaini wakiwa marehemu.” Kanisa lilicheka. Wiki hiyo alishikiliwa na polisi siku tatu kwa uchochezi, na baadaye akahamishwa parokia. Wanakijiji walifungua kesi ya mashamba, yeye akiwa shahidi.

Mwaka 2023 figo zake zilishindwa kufanya kazi. Jimbo lilimwambia kwamba akiomba radhi kwa maandishi atarudishwa parokiani kwake. Sisi ndugu zake tulimwandalia barua. Tuseme kweli: tulimchosha.

“Kaka, tia sahihi urudi kwa watu wako,” alimsihi dada yake Priska.

“Nikiandika kwamba nilidanganya, Priska, hao watu watalima wapi?”

Alifariki Jumanne, tarehe 10 Juni 2025, akiwa na miaka 68. Barua haina sahihi.

Ameacha dada mmoja, wadogo wawili wa kiume, wapwa kumi na mmoja, na kaya arobaini na mbili ambazo bado zinalima mashamba yao. Kesi itatajwa Jumatatu, tarehe 23 Juni. Wengi mliopo hapa mnaujua ukweli, na mlimwachia mtu mmoja, mgonjwa, auseme peke yake. Sasa nendeni mkauseme ninyi.

Padre Sila amechoka. Tumwache apumzike kwa amani.