Aliyemtafutia Mzee wa Pangoni Mama Yake

Tarehe 31 Oktoba mwaka huu Bi Althea Gamble atakabidhi funguo za ofisi ya kabila letu la Watlingiti, baada ya kuitumikia kwa miaka thelathini na mitatu. Tunamwomba akabidhi na friza pia. Ilinunuliwa kwa matumizi ya ofisi, lakini hakuna aliyewahi kukuta ndani yake chochote ila vyakula vyake, samaki aina ya samoni na mafuta ya sili.

Waandaaji wa sherehe walitaka wasifu huu uandikwe na mkurugenzi, nami nikakataa katakata. Kabila letu lina pande mbili, Kunguru na Tai. Mkurugenzi ni Kunguru, na Bi Althea ni Kunguru. Mimi ni Tai. Tangu lini Mtlingiti akasifiwa na ndugu zake huku watani wake wamekaa? Isitoshe, aliolewa na mjomba wangu, marehemu Harlan Johns, kwa hiyo kwangu yeye ni mkazamjomba, na ninamjua mpaka jikoni.

Aliajiriwa kupokea simu. Wakati huo ofisi ilikuwa vyumba viwili juu ya bohari ya mafuta, na mtu akipiga simu ilimbidi apaze sauti kushinda injini za mashua. Baada ya muda mfupi ikaonekana kwamba barua anazoandika yeye hujibiwa, na zetu hazijibiwi. Akapewa kazi ya kurudisha nyumbani vitu vya wazee wetu vilivyotawanyika katika majumba ya makumbusho, na mifupa yao pia. Aliirudisha nguzo ya mlango iliyokuwa imesimama katika bustani ya watu tusiowajua. Alirudisha mablanketi, mabakuli na kofia za heshima za koo zetu.

Kisa cha kofia ya kwanza kila mtu anakijua, lakini nitakirudia kwa sababu leo hawezi kuninyang'anya kalamu. Walimwambia ndani ya ndege aiweke chini pamoja na mizigo. Akaipakata. Mhudumu akamwomba tena kwa adabu. Bi Althea akamjibu, "Mwanangu, huyu ni mjomba wangu. Hajafika nyumbani miaka mia moja. Wewe mjomba wako unamweka na masanduku?" Wakaruka hivyo hivyo, mjomba yuko magotini.

Kazini alikuwa mkali. Kahawa yake ilikuwa chungu kama dawa na ilikuwa lazima kuinywa. Mtu akichelewa hakugombezwa. Alipewa tu kichwa cha samaki akisafishe, hapo hapo mezani kwake. Mabinti wawili aliowafundisha kazi, ambao sasa ndio watakaoshika nafasi yake, wanasafisha samaki vizuri sana.

Lakini kazi aliyoifanya kuliko zote ni ya mzee wa pangoni, na hiyo sitaitania.

Wapimaji wa barabara ya kusafirishia magogo waliikuta mifupa yake katika pango la kisiwa cha mbele yetu. Ilipelekwa chuo kikuu, na Dakta Maren Tveit, mtaalamu wa mifupa, akatuletea habari kwamba yule ni mwanamume aliyefariki zaidi ya miaka elfu tisa iliyopita. Ukumbi ulikuwa umejaa. Wengi walitaka arudishwe azikwe mara moja. Ndipo akainuka mjomba wangu mwingine, Mzee Cyrus Johns, ndugu wa Harlan baba mmoja mama mmoja na mkuu wa nyumba yetu.

"Azikwe na nani?" akauliza. "Nikimbeba mimi, halafu nije kujua ni wa kwetu, nitakuwa nimemfanyia nini?"

Kwa wageni wetu watakaosoma karatasi hii niseme kidogo. Kwetu mtoto ni wa upande wa mama yake. Kunguru huoa Tai, na Tai huoa Kunguru, na pande hizo mbili ni watani mpaka kaburini. Akifa Kunguru, Kunguru hulia na Tai ndio wanaochimba, wanaobeba na wanaofukia. Baadaye waliolia huwaalika waliobeba, wakawalisha na kuwashukuru, na marehemu naye hutiliwa chakula chake motoni huku akiitwa. Mtu asiyejulikana mama yake hana wa kumlilia wala wa kumbeba, na moto wake haujulikani uwashwe na nani.

"Basi tumtafutie mama yake," alisema Bi Althea.

Makubaliano na chuo aliyasimamia yeye. Jino moja tu litapimwa, na litarudishwa kuzikwa pamoja naye. Dakta Maren akaja kutueleza kwamba kuna vinasaba ambavyo mama huwapa watoto wake wote, lakini ni binti tu anayeviendeleza. Mzee Cyrus akamkatiza, "Kwa hiyo mtoto ni wa mama?" Akajibiwa ndiyo. "Tunashukuru. Tulikuwa na wasiwasi." Ukumbi ukacheka, na dakta alicheka kuliko sisi. Kisha watu wa pande zote mbili, mmoja kwa kila nyumba, wakapanga foleni kutema mate kwenye vichupa, kila mmoja akiwa amesema kama jibu lake litajwe mbele ya watu au liwe siri yake. Mzee Cyrus alisema lake litangazwe hata redioni.

Majibu yalichelewa. Kila vuli Bi Althea alipanda ndege kwenda chuoni, akakaa kando ya lile sanduku, akampa mzee habari za samaki heringi, za nani kajifungua na nani katutoka. Akirudi hakueleza mengi. Alivua koti na kusema, "Ana njaa yule." Watu wakianza kumuuliza atastaafu lini, aliwajibu kwamba hataondoka kazini mpaka mzee yule ale.

Siku dakta alipofika na jibu, nilikuwa nimeinamia friza. Aliniangalia, akasita. Bi Althea akamwambia, "Sema tu. Huyu ni mtoto wa wifi yangu. Hata ukimtoa, atasikiliza mlangoni."

Tuliambiwa kwamba mama wa mzee yule anatoka katika nasaba ya akina mama iliyo adimu sana. Watu wake ni wachache, nao wametapakaa kando ya bahari hii kuu, kutoka huku kwetu mpaka ncha ya kusini ya bara, binti mmoja hapa, binti mwingine kule, kana kwamba wanawake hao walifuata ufuko na hawakutaka kabisa kuuacha. Ilianzia wapi hasa, dakta alikiri kwamba hana hakika. Pengine ni ng'ambo, Asia, au katika nchi iliyokuwa katikati na sasa imefunikwa na maji. Hapa kijijini, kati ya wote waliotema mate, walikuwa nayo wawili tu. Wa kwanza ni Mzee Cyrus.

"Na wa pili?" akauliza Bi Althea.

"Wa pili ni wewe."

Nilikaa chini juu ya kreti ya samaki. Cyrus ni Tai. Yeye na Harlan walinyonya ziwa moja. Ikiwa Cyrus na Bi Althea wana mama mmoja wa kale, basi Harlan naye, na Bi Althea alikuwa ameishi miaka yake yote ya ndoa na mtu wa ukoo wa mama yake. Kwetu hiyo ni aibu ambayo watu hawaitaji mezani. Labda zamani za vita kuna bibi aliyetekwa kutoka upande mmoja akalelewa upande wa pili. Labda ni kichanga kilichookotwa. Hakuna ajuaye, na hakuna ambaye angependa kuulizwa.

Dakta alimweleza kwa upole kwamba jibu lake ni lake, na lisipotajwa, halipo. Nami niliona jinsi ambavyo mambo yangekuwa mepesi. Cyrus angetajwa peke yake, mzee angekuwa Tai, Kunguru wangembeba, na kazi ingeisha. Akisema, atakuwa ameivua nguo ndoa yake na kuwatia wanawe midomoni mwa watu. Na pale makaburini kilimani, kando ya Harlan, kuna nafasi yake ambayo kila masika huipalilia mwenyewe. Mtani ndiye amzikaye mtani. Sasa mtani wake ni nani?

Bi Althea hakumuuliza dakta lolote kuhusu mzee wa pangoni. Aliuliza, "Na mimi nitabebwa na nani?"

Dakta alifunga mkoba wake. Mimi nilikuwa Tai niliyekaa hatua mbili kutoka kwake, nikanyamaza. Akachukua koti lake, akaenda kwa wanawe.

Jumamosi tulikutana ukumbini. Dakta alimtaja Mzee Cyrus, watu wakapiga vigelegele, na Kunguru wakaanza papo hapo kugawana kazi za kubeba. Mmoja alikwisha kusema mashua yake itatangulia. Bi Althea akasimama.

"Kaeni kwanza," alisema. "Sikukaa na yule mzee vuli zote zile ili azikwe kwa uongo. Na mimi nimo. Mama yake ni mama yangu. Ndiye mama wa Cyrus, ndiye mama wa Harlan wangu. Haya, semeni mtakavyosema."

Wanawe wawili walikuja wakasimama pembeni yake, kulia na kushoto. Mimi nilitaka kulia, na nililia.

Mzee Cyrus alichukua muda kuinuka, maana magoti yake hayamsikii.

"Shemeji," alisema, "miaka yote hii unanitukana kwa haki ya utani. Unaniita mzee wa mdomo, mla mikia ya samaki. Kumbe ulikuwa unamtukana kaka yako?"

Watu wawili watatu walicheka kwa woga. Yeye hakucheka.

"Mama huyo alikufa kabla Kunguru na Tai hawajajua kugawana samaki. Harlan alikuoa mchana kweupe, katika ukumbi huu huu. Tai walikula, Kunguru walikula. Aliyekula harusi ile anyooshe mkono."

Mikono ikaanza kupanda, wa kwanza ukiwa wa mama yangu, kisha safu nzima ya wazee, mpaka wale waliokuwa watoto siku ile, wakala biskuti tu.

"Kuna aliyetapika?"

Mikono yote ikashuka.

"Basi kaa chini, Kunguru."

Alikaa. Nimemfahamu maisha yangu yote, na hiyo ndiyo mara ya pekee niliyomwona akitii amri.

Mazishi aliyapanga yeye, kwa kuwa mipango ndiyo kazi yake. Mwezi Mei tulivuka kwenda kisiwani. Kwa kuwa mzee ni wa pande zote mbili, kutoka ufukoni hadi kwenye kijito Tai tulibeba sanduku na Kunguru wakalia. Kijitoni likatuliwa juu ya matawi, tukabadilishana, Kunguru wakabeba hadi pangoni na Tai tukalia. Jino lake lilikuwa limerudi, dakta alilileta kwa mkono wake. Moto uliwashwa na pande zote mbili. Bi Althea akatia samoni wa moshi, mafuta ya sili na mayai ya heringi, kutoka kwenye friza ya ofisi. Jina la mzee hatulijui, kwa hiyo tulimwita mtoto wa mama yetu, na akala.

Sasa anastaafu, kama alivyoahidi. Kwa niaba ya wafanyakazi wote, wa sasa na waliotangulia, na kwa niaba ya wazee wote aliowapakata njiani, tunamshukuru kwa kazi ngumu aliyoifanya bila kulalamika, isipokuwa kuhusu kahawa yetu.

Bi Althea, siku ile uliuliza swali nami nikakosa jibu. Nililipeleka kwa Mjomba Cyrus, naye akawaita Tai wote nyumbani kwake, tukakaa, tukakubaliana, hakuna aliyepinga. Jibu tunaliandika hapa mbele ya watu ili kusiwe na wa kuligeuza: utabebwa na sisi. Utalala kando ya Harlan, Kunguru watakulilia, na Tai tutaitwa tule.

Lakini tunakuomba usituharakishe. Njia ya kilimani inapanda, migongo yetu ni mibovu, na mafuta yote yale ya sili hukuyala bure. Pumzika, uvue, utuletee samaki, ukae sana nasi, mkazamjomba.