Upande wa Pili wa Plake

Jina ya Yesu ipewe heshima, ndugu zangu! Muchungaji ameniomba mara nyingi nisimame hapa, nami nilikuwa nakataa. Leo nimekubali, lakini musingoje maneno tamu. Iko uchungu ndani yangu, na sitauficha mbele ya Mungu.

Wengi munanijua kama fundi wa redio hapa Mbunya. Kabla ya vita nilikuwa DJ. Nilipiga muziki kule Shari, kwenye nganda ya mama yangu, baa ndogo ya viti vya plastiki. Muziki ya vijana sikupiga. Nilipiga rumba ya zamani, zile plake nyeusi, sahani za santuri, ambazo marehemu baba yangu, dereva wa lori, alikuwa akileta kutoka Kisangani. Baba alinifundisha kusikia gitaa moja moja. Mama alinifundisha kushusha sindano polepole, isikwaruze. Baba alipokufa, tulibaki wawili tu tulioweza kutumia ile fono, mashine ya kupigia plake.

Vijana, sikilizeni, maana hamukuviona vitu hivi. Wimbo mumoja haukuenea upande mumoja wa plake. Upande wa kwanza mwimbaji analia mapenzi yake, halafu unakatika. DJ anageuza, na upande wa pili ndipo magitaa yanawaka, ndiyo sebene. Wakati wa kugeuza, hakuna anayeenda kukaa. Watu wanabaki wamesimama, wameshikana, wanangoja. Ndiyo ilikuwa adabu ya kucheza.

Vita ikafika. Muke wangu Furaha alikuwa wa kabila iliyokuwa inawindwa. Mama na mimi tulikuwa wa kabila ya wale wawindaji. Ndugu zangu, tulikuwa tumekula meza moja! Siku moja mchana wapiganaji wakaingia kwenye nganda na bunduki zao na wasichana wao, wakataka bia na muziki. Furaha alikuwa nyuma, ndani ya depo, stoo ya vinywaji, amejificha kati ya makasha ya bia na mimba yake kubwa. Mukubwa wao akanicheka: "Weye, piga ile ya wazee. Tukimaliza kucheza, tutapekua manyumba yote ya hapa."

Nilipiga. Mama akapita karibu na chupa mukononi, akasema bila kuniangalia: "Weka ile baba yako alipenda. Upande ikiisha, usigeuze. Kamata bibi yako, mupite nyuma."

"Na weye, mama?"

"Hawa ni watoto yangu. Watanifanya nini?"

Nikaiweka. Upande wa kwanza ukaisha. Wakasimama wameshikana na wasichana, wakingoja kwa adabu, wauaji wale! Nikajifanya naenda kuangalia jenereta. Nikamutoa Furaha, tukaingia katika shamba la mihogo. Nyuma yetu wakaanza kupiga kelele: "DJ, geuza! Geuza!"

Halafu magitaa yakaanza. Sindano ilishuka safi, haikukwaruza hata kidogo. Ndugu zangu, nilijua ni mukono wa nani.

Wao walicheza, siye tulikimbia. Mungu alitufikisha muji wa Mambasa, mbali na vita, na kule Furaha akazaa salama, mutoto musichana. Aleluya! Baadaye jirani yetu akatueleza mengine. Sebene ilipoisha, walimuuliza mama mutoto wake iko wapi. Alikataa kututaja. Wakamuua pale pale, karibu na fono.

Munaniambia Mungu aliniokoa. Ndiyo, aliniokoa, namushukuru usiku na mchana! Lakini alipitia kwa mama yangu, na sijaacha kumuuliza kwa nini. Na wale waliocheza siku ile, wengine wanatembea humu mujini, wanasalimia watu. Mumoja iko hapa leo, kwenye viti vya nyuma. Anajua kuwa nimemuona.

Nilikuwa nimepanga kumuua. Nilikuwa nimenoa panga. Mungu alinishika mukono, na huo nao ni wokovu, tena mukubwa kuliko ule wa Shari. Sitasema nimesamehe, maana nitakuwa nadanganya kanisani. Nimekuja kwa Yesu na hasira yangu yote, na hakunifukuza. Na weye uliye na yako, kuja nayo hivyo hivyo, umutegemee.

Na weye ndugu wa kule nyuma, sitataja jina lako. Usiogope. Aliyenizuia mimi atakupokea na weye. Ibada ikiisha, kuja tu uniambie mulimuzika mama yangu wapi.